Mama na Picha za Moshi

Juzi nilinunua asali ya masega kwa kijana mmoja anayepita na baiskeli. Nilipokwisha kuikamua, masega yaliyobaki nikayatia kwenye sufuria nipate nta. Ilipoanza kuyeyuka harufu yake ikanikuta nimeinama jikoni, nikashtukia nimeshika ukingo wa meza. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimesikia tu harufu ya kamera. Akacheka sana. Kwake yeye kamera ni simu, na simu hainuki kitu.

Nyinyi wa rika langu huenda mkanielewa. Kamera ya mama yangu ilinukia nta. Lilikuwa sanduku la mninga alilolichonga Baba kwa mikono yake, na kila ufa uliotaka kupenyeza mwanga ulizibwa kwa nta ya nyuki. Jua likiwaka nta ililainika, na ukijifunika kile kitambaa chake cheusi ulivuta nta, udi wa nguo za Mama, na zile dawa za kusafishia picha zenye ukali wa siki. Mimi si mwandishi. Nilikomea darasa la saba, na mengine ninayoyaandika hapa nina shaka nayo, kwa hiyo nitasema pale nilipo na shaka. Harufu hiyo sina shaka nayo.

Tulikaa Mtendeni, mjini Tabora. Baba alikuwa seremala. Lenzi alipewa na mwenye studio mmoja wa mjini, Mhindi mpole ambaye Baba alimtengenezea rafu. Ilikuwa ya shaba, nene, nzito kama jiwe la kusagia pilipili, na mwenyewe alisema ni ya tangu enzi ya Mjerumani. "Chukua, fundi, kachezee," alimwambia Baba. "Hii imezeeka. Inashika katikati tu, pembeni inakoroga." Hakusema uongo. Tena niseme haki yake: huyo huyo ndiye aliyemfundisha Mama kuchanganya dawa, na karatasi za picha zilipoadimika madukani, za kwake alimgawia.

Kwa nini Mama na si Baba? Baba alilichonga sanduku kwa nia ya kulitumia mwenyewe, lakini mikono iliyozoea randa haikuwa na subira ya kusubiri picha itokee kwenye maji. Mama alikuwa nayo. Halafu wanawake wengi wa Mtendeni walikuwa hawapendi, wengine hawaruhusiwi, kukaa wamejipamba mbele ya mwanamume asiyewahusu. Kwa Mama waliingia uani, mlango ukafungwa, buibui likavuliwa, na kioo cha mkononi kikapita toka kwa huyu kwenda kwa yule.

Mwanzoni Mama aliwaweka ukutani, na picha zilitoka kama picha za watu wengine wote. Siku moja jirani yetu Bi Mwajuma aliukataa ukuta kwa sababu chokaa ilikuwa imebanduka. Akakivuta kigoda mwenyewe mpaka karibu na kamera, akauacha mkomamanga wetu mbali nyuma yake. Picha ilipotoka, uso wa Bi Mwajuma ulikuwa mkali hata nyusi zake ungeweza kuzishika. Lakini mkomamanga haukuwa mkomamanga tena. Majani yalikuwa yameyeyuka, na kila kitundu cha mwanga kilichopenya katikati yao kimegeuka kiduara laini, na viduara vyote vinakizunguka kichwa chake kama uji unapokorogwa.

Mama aliitazama picha ile mpaka maji ya kuoshea yakapoa. Tangu siku hiyo akawa anautafuta ule mkorogo unaofanana na moshi kwa makusudi. Aligundua kwamba mtu akikaa karibu na kamera na kilicho nyuma kikawa mbali, moshi unaongezeka. Aligundua kwamba ukuta mtupu hautoi chochote, lakini majani yenye jua nyuma yake yanatoa vile viduara, na kanga za maua zikianikwa kwenye kamba mwisho wa ua zinatoka kama mawingu. Wateja wenyewe ndio walioziita picha za moshi.

"Nipige ya moshi, Mama Zuhura."

"Mwingi au kiasi?"

"Mwingi. Picha inakwenda kwa wifi yangu, na nyumba bado hatujaipaka rangi."

Zuhura ndiye mimi. Kazi yangu ilikuwa kushika kitambaa cheusi kisiburuzike vumbini, na kunyamaza Mama aliposema Bismillahi Rahmani Rahim. Lenzi ile haikuwa na kidude cha kufunga na kufungua. Mama alitoa kifuniko cha ngozi, akaisoma Bismillahi polepole mpaka mwisho, akarudisha kifuniko. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yake. Kukiwa na wingu aliisoma kwa kuvuta.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana bila huo mengine hayataeleweka.

Bibi yangu mzaa baba, Bibi Nyamizi, alikaa upande wa Goweko katika tembe, zile nyumba zetu za udongo zenye paa la bapa. Alilijenga babu yake, aliyekuwa pagazi, na Bibi alipenda kusema kwamba yule mzee alipita na mzigo wa pembe kwenda pwani mahali pale pale treni inapopita sasa, ila yeye hakupiga honi. Ulipokuja wito wa kuhamia vijiji vya ujamaa, Bibi alimwomba Mama ampige picha mbele ya tembe lake. Mama akampiga. Bibi akatoka mkali, kila mkunjo mahali pake, na tembe nyuma yake likatoka moshi mtupu. Mama alianza kuomba radhi. Bibi, ambaye alikwisha kuingiwa na mtoto wa jicho, akaisogeza picha karibu na pua na kusema, "Acha. Hivi hivi ndivyo ninavyoliona."

Safari iliyofuata tulipokwenda kumwona, tembe halikuwepo. Watu walikuwa wamezing'oa nguzo wakajengee nyumba mpya kijijini. Hayo hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza. Nilisimama nikatazama lile tuta la udongo, nikayaunganisha mambo kwa akili yangu ya kitoto: kioo cha Mama kinakula. Anayetoka mkali anabaki. Anayetoka moshi anaondoka. Nikarudi Mtendeni na siri hiyo tumboni, na kila mara nilipoutazama mkomamanga wetu niliuonea huruma.

Kuhusu kuhama kwenyewe nisipunje. Bibi alililia lile tembe. Na Bibi huyo huyo alikifurahia kisima cha kijiji kipya, kwa kuwa alikuwa hatembei tena mbondeni na ndoo. Yote mawili niliyaona kwa macho yangu.

Mwenyekiti wa kijiji hicho alikuwa mume wa shangazi yangu, yaani mkwe wa Bibi. Hilo mlishike. Alikuja kwetu Mtendeni siku moja amevaa shati la kijani la chama, akanywa kahawa, akasema, "Shemeji, tunataka picha ya kijiji. Itabandikwa kwenye banda letu hapa mjini, Saba Saba."

"Mimi napiga mtu mmoja mmoja, shemeji. Kijiji kizima sijawahi."

"Utaweza. Kamati walitaka yule wa studio, nikawaambia tunaye wa kwetu. Usiniangushe."

Alipoondoka, Baba alikwenda nyuma ya mlango akatoa kibao cha mninga. Alikuwa amekiranda siku nyingi, laini kama kitana, hakina hata herufi moja. Kilikuwa cha kutundikwa nje ya nyumba yetu, kiseme kwamba hapa yupo mpiga picha. Mama alikuwa akikikataa. Kwake kupiga picha uani ni jambo moja, na kutundika jina barabarani ni jambo jingine. Walikuwepo waliosema mwanamke na sanduku la miguu mitatu ni vituko, na sidhani kama wote walisema kwa ubaya, wengine walizoea tu dunia yao ilivyo.

"Nikiandike?" Baba aliuliza.

Mama alikipapasa. "Baada ya Saba Saba. Picha ikikubaliwa, andika. Ikikataliwa, kifanye ubao wa kukatia mboga."

Basi mimi na Mama tukapanda treni, sanduku limefungwa kwenye godoro, lenzi Mama ameipakata ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Tukashuka Goweko, na gari la ng'ombe likatufikisha.

Asubuhi yake kijiji kizima kilitoka. Nakumbuka harufu ya nguo zilizotolewa sandukuni, na ya tumbaku iliyokuwa ikikauka mabandani. Nyuma kulikuwa na nyumba mpya zimejipanga, na bendera. Mama akamkalisha Bibi kwenye kigoda katikati kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akawaambia wengine wasimame mstari mmoja naye, kulia na kushoto. Akaingia chini ya kitambaa cheusi, akamlenga Bibi kwenye kile kioo cha ukungu cha nyuma ya sanduku, ambamo watu huonekana miguu juu vichwa chini. Akatoka, akatia karatasi, akashika kifuniko.

Katika muda huo mdogo, adabu ikafanya kazi yake. Nani atasimama bega kwa bega na Bibi Nyamizi, kana kwamba ni marika? Mmoja akarudi nyuma nusu hatua. Wa pembeni yake, akiona amemtangulia mkubwa wake, naye akarudi. Wakaza wana wakarudi nyuma ya mama wakwe zao, vijana nyuma ya wazee. Na Mwenyekiti, ambaye kwa desturi yetu hapaswi hata kukaa kivuli kimoja na mama mkwe wake, alirudi, akarudi, mpaka karibu agonge mlingoti wa bendera. Yote kwa ukimya, wamekaza shingo, macho mbele. Mama akasoma Bismillahi yake.

Picha ilipotolewa kwenye karai la maji, watu walikuwa wameshazunguka.

Bibi alikuwemo, mkali kama sarafu mpya. Wengine wote walikuwa moshi.

"Mimi ni yupi hapa?" aliuliza kijana mmoja.

"Wewe ni huyo mwenye kichwa kama fenesi," mwenzake akamwambia.

"Huyo si mke wangu?"

"Basi wewe ni moshi wa pembeni yake."

Walicheka wote. Mwenyekiti hakucheka. Aliishika picha kwa ncha za vidole, maji yanadondoka kwenye viatu vyake.

"Ndugu mpiga picha," alisema, na mimi nikajua mambo yameharibika, maana asubuhi alikuwa shemeji. "Niliomba kijiji. Umenipa mama mkwe."

"Mlirudi nyuma, shemeji."

"Sisi hapa tunasema watu wote ni sawa. Picha hii inasema mtu ni mmoja, waliobaki ni moshi. Nitaibandika vipi?"

Nimeifikiria kauli ile miaka mingi, na kila nikiigeuza naona alikuwa na haki. Wale watu walihama makwao, wakajenga upya, wakavaa nguo zao za sikukuu kusimama juani, na picha ikawasahau. Nami ni mtoto wa Mama, ningependa kusema vingine, lakini siwezi.

"Kesho namtuma mtu mjini akamwite yule wa studio," aliendelea, sauti imeshuka. "Si kwa ubaya, Mama Zuhura. Saba Saba iko mlangoni."

Mama alikuwa anakausha mikono kwenye kanga, anaikausha tu, hata ilipokwisha kukauka. "Nimebakiwa na karatasi za picha moja," alisema. "Nipe asubuhi ya kesho. Ikiharibika, treni itakayonirudisha mimi ndiyo aipande huyo mtu wako."

Hapo Bibi, bila kumtazama Mwenyekiti, akaniambia mimi, "Zuhura, mwambie huyo bwana kwamba akinikalisha juani kwa picha ya kutupwa, binti yangu leo hapiki ugali."

Mwenyekiti alisimama pale pale, amesikia kila neno. Lakini mkwe na mama mkwe hawasemezani hivi hivi, kwa hiyo naye akaniinamia. "Zuhura, mwambie mama nimesikia. Asubuhi."

"Bibi, amesikia. Asubuhi," nikasema. Nilijiona mkubwa sana.

Ukubwa wenyewe haukudumu, kwa sababu niliiangalia tena picha ikianikwa. Kijiji kizima kimekuwa moshi. Nikakumbuka lile tuta la udongo. Nikatoka mbio, nikaanza kupita nyumba hadi nyumba. "Shikamoo." "Marahaba, mjukuu." Niliushika mkono wa kila mtu nikaubana kuona kama bado una mfupa. Nilimwamkia Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Nzega, nikamwamkia tena aliporudi malishoni. Wamama wakawa wanawaambia watoto wao, "Mnamwona huyo wa mjini? Ana adabu. Nyie mnapita kama mbuzi." Mpaka leo najisikia vibaya kwa sifa ile, haikuwa adabu, ulikuwa woga.

Jioni sikuweza tena. Nikamwambia Mama, "Usiwapige tena. Wataondoka kama tembe la Bibi."

Mama hakunicheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliniuliza maswali mawili matatu mpaka akajua ninachodhani. Jua lilikuwa bado lipo. Akaitoa kamera nje ya nyumba ya Bibi, akaniingiza chini ya kitambaa cheusi, yeye akaenda kusimama mbele. Nikamwona kwenye kioo cha ukungu, kichwa chini, mkali. Akaanza kurudi nyuma. Uso ukalainika, macho yakayeyuka, akawa moshi wenye kanga.

"Nimeondoka?" sauti yake ikauliza.

"Umeondoka."

"Toa kichwa."

Nikatoa kichwa. Alikuwa amesimama tu, mikono kiunoni.

"Kioo hakili mtu," alisema. "Kina mahali pake kinapopatazama. Wewe ukinikazia macho mimi, unamjua anayepita nyuma yangu?" Kisha akageuza kichwa, kama mtu aliyesikia anaitwa. "Hebu toka huko. Nenda wewe mbele, mimi nipatafute hapo mahali."

Akanipa kijiti. Nikasimama katikati, yeye chini ya kitambaa, akasema, "Hapo. Chora." Nikachora kwenye mchanga. "Sogea kushoto. Usirudi nyuma." Nikasogea sawasawa, kama mstarini shuleni. "Umepotea. Njoo mbele. Mbele tena. Hapo, chora." Kadiri nilivyokwenda pembeni ndivyo alivyoniita karibu zaidi na kamera. Kulia vilevile. Tulipomaliza, Mama akatoka, nywele zimemsimama kwa joto, tukaitazama michoro yangu. Haikuwa mstari. Ilikuwa imepinda, ncha zote mbili zinaijia kamera.

"Kumbe hata wasingerudi nyuma," Mama alisema polepole, "wa pembeni wangekuwa moshi tu."

Na hapa ndipo nilipo na shaka. Bibi alikuwa anatoka na majivu ya jikoni kwenda kuyamwaga. Kuna aliyesema, "Ni kama tunavyokaa motoni." Mama mpaka anafariki alisema ni mimi. Shangazi alisema ni Bibi, na yeye alikuwepo. Mimi naikumbuka sentensi lakini siikumbuki sauti. Ningependa iwe yangu. Nimeiandika kama ilivyo, msomaji aamue.

Lakini kweli ilikuwa hivyo. Watu wakiota moto hawajipangi mstari, wanauzunguka, na kila mtu ana mahali pake. Adabu haimrudishi mtu nyuma, maana nyuma kuna baridi. Mama akauchukua ungo wa majivu mikononi mwa Bibi, akanyunyiza juu ya michoro yangu mpaka ukatokea upinde mweupe mchangani, mpana wa kukitosha kijiji.

Asubuhi, jua likiwa bado laini, aliwakusanya. "Leo hamsimami. Mnakaa, kama mnaota moto, na moto wenyewe ni hii kamera. Vidole vya miguu viguse majivu. Anayetaka kuniheshimu mimi, asirudi nyuma."

Wakaanza kukaa, vigoda, mikeka, wengine chini, watoto mapajani. Mzee Masanja akapata nafasi yake ya utani. "Nyinyi Wanyamwezi kubeba mizigo mnajua. Kukaa tu ndiko kunakowashinda."

"Kaa wewe," Bibi akamjibu, "na usigeuke kumtafuta ng'ombe wako, utatoka na shingo mbili."

Ilibaki shida moja. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Mkwe haoti moto na mama mkwe wake, na watu wote walijua hivyo, na hakuna aliyetaka kulisema. Mama alimtazama Bibi, akamtazama Mwenyekiti, akautazama upinde. Akaenda akakiinua kigoda cha Bibi toka katikati, akakiweka kwenye ncha ya kulia kabisa. Cha Mwenyekiti akakiweka kwenye ncha ya kushoto. Kijiji kizima kilikuwa katikati yao, hakuna ambaye angemwona mwenzake bila kugeuza shingo, na wote wawili vidole vyao vilikuwa kwenye majivu yale yale.

Mwenyekiti akakaa. Nilimwona anavyoishusha pumzi.

Mimi Mama aliniambia nikakae na Bibi. Nikasita, na yeye akanielewa. "Uko kwenye mstari," aliniambia. "Hupotei." Nikaenda.

Kifuniko kikatoka. "Bismillahi Rahmani Rahim," kwa kuvuta kidogo. Nilikuwa nauhisi moyo wa Bibi mgongoni mwangu. Kifuniko kikarudi, na hapo tu Bibi akasema, "Mkamwana wangu anatusomea kama tumekufa," na kicheko kikapasuka upinde mzima, lakini hakikuingia kwenye picha, kilichelewa.

Sitasahau ile karatasi ndani ya karai, chumbani kwa Bibi tulikoziba mwanga wote tukabakiza taa nyekundu. Kwanza yalitoka macho. Macho tu, mengi, kutoka ncha hadi ncha. Halafu nyuso zikajaa kuyazunguka. Ilipotolewa nje, watu walijiona mmoja mmoja, na safari hii hawakupiga kelele. Yule kijana wa kichwa cha fenesi alijigusa, kisha akamgusa mke wake, alikuwa pembeni yake kweli. Nyuma yao nyumba mpya, bendera, na miti ya mbali vilikuwa vimekorogeka polepole, kama moshi unaotoka kwenye moto ambao wao ndio wanauota.

Mwenyekiti aliitazama muda mrefu. "Nyumba hazionekani," alisema.

Mama aliinama akamwaga maji ya karai.

"Lakini watu wote wapo," akasema tena, kama anajisomea. Akahesabu kwa macho, akafika ncha ya kulia, akayashusha kwa adabu. "Zuhura, mwambie mama ametoka vizuri."

"Bibi, umetoka vizuri."

"Mwambie hata yeye."

Akaikunja kofia yake. "Haya, shemeji," alimwambia Mama. "Tutaibandika."

Nisiongeze chumvi. Pale bandani, Saba Saba, picha haikupewa tuzo yoyote. Wengi walipita wakitazama mahindi na tumbaku. Bwana mmoja aliuliza kwa nini nyumba zimefifia, Mwenyekiti akamjibu kwamba nyumba zinajengwa bado. Lakini yule mwenye studio alikuja. Alivua miwani, akaisogelea picha, hakuangalia katikati, akaangalia pembeni, ncha moja, halafu nyingine. Akamgeukia Mama. "Umewapinda," alisema. "Mimi nilikuwa na lenzi hii miaka yote, sikufikiri kuwapinda." Akamwinamia kidogo, kama watu wa kwao wanavyofanya. Mama akavuta kanga ikamfunika mdomo, lakini mimi nilikuwa chini yake, niliona meno.

Wiki hiyo Baba alitia chuma motoni, akakiandika kibao kwa kuunguza herufi. Nyumba ilijaa harufu ya mninga unaoungua. Nilikuwa nimeanza shule, na maneno mawili niliyoyasoma kwanza mwenyewe barabarani, bila kusaidiwa, yalikuwa jina la Mama na neno picha. Kuna watu wamesoma kwenye vitabu vikubwa kuliko hicho. Sijawahi kuwaonea wivu.

Kibao kililiwa na mchwa baadaye, na lenzi ikaenda kwa kaka yangu. Picha ninayo mimi, iko ukutani sebuleni. Mjukuu wangu alinionyesha juzi, siku ile ya nta, kwamba simu yake inatoa moshi yenyewe, unabonyeza tu. Nikaitazama. Ni nzuri, sitasema uongo. Kisha akanyanyuka, akaisogelea picha ya ukutani, akaanza kuuliza huyu nani, huyu nani. Nikamtajia karibu wote. Akafika mwisho, kwenye kitoto kilichopakatwa, akacheka alipojua ni mimi.

"Na mama yako yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hayumo.

"Picha yake mwenyewe, halafu hayumo?"

Nikamwambia aangalie macho. Akaanza na Mwenyekiti, akapita upinde wote, Mzee Masanja, yule kijana na mkewe, watoto, shangazi, mpaka Bibi na mtoto wa jicho lake. Halafu bila kuambiwa akageuka, akatazama nyuma yake, pale sebuleni ambapo kamera ingekuwa imesimama.

"Wote wanamtazama yeye," alisema.